Ukarabati wa jiko usigeuke donda ndugu

MIONGONI mwa maneno yanayowafilisi wenye nyumba, sijaona lenye sura ya upole kama neno "maadamu". Maadamu sinki limeshang'olewa, tubadilishe na mabomba. Maadamu sakafu imefunuliwa, tuweke vigae vipya. Maadamu vigae ni vipya, makabati yale makuukuu yatatutia aibu. Hivyo ndivyo kazi iliyokusudiwa kuchukua juma moja inavyochukua miezi mitano, na fedha zilizowekwa kwa ajili ya karo zinavyoishia katika duka la vifaa vya ujenzi.

Msomaji asidhani kuwa haya ni masaibu ya matajiri. Mwenye fedha nyingi humwita mkandarasi, akamkabidhi funguo, akasafiri. Anayeumia ni mwalimu, muuguzi, karani au mfanyabiashara mdogo, ambaye nyumba yake ya vyumba vitatu aliijenga kwa mikopo ya chama cha akiba, na ambaye sasa, baada ya miaka 20, anaona sinki linavuja na kabati limeoza kwa unyevu. Huyu hana fedha za kuanza kazi mara mbili. Hesabu ikienda mrama jikoni kwake, athari zake huonekana shuleni, hospitalini na hata mezani pa chakula.

Wala maradhi haya si yetu peke yetu. Mwaka 2002 wenye nyumba nchini Marekani waliokuwa wamekarabati majiko yao waliulizwa kuhusu gharama. Ilibainika kwamba kwa wastani walitarajia kutumia dola 18,658, lakini walipomaliza walikuwa wametumia dola 38,769, yaani zaidi ya maradufu. Takwimu hizo zilinukuliwa na Daniel Kahneman, mtaalamu wa saikolojia aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, katika kitabu chake cha mwaka 2011. Yeye na mwenzake Amos Tversky walikuwa wameuandikia udhaifu huu wa binadamu tangu mwaka 1979. Walisema kwamba mtu anapopanga kazi huutazama mpango wake mwenyewe, hatua kwa hatua, jinsi anavyotamani uende. Hawatazami waliomtangulia wala yaliyowapata.

Serikali nazo, pamoja na wahandisi na wahasibu wao wote, hutumbukia katika shimo lilo hilo. Reli ya kutoka Mombasa hadi ziwani ilitengewa pauni milioni 3 na Bunge la Uingereza mwaka 1896. Ilifika Kisumu, wakati huo pakiitwa Port Florence, mwezi wa Disemba 1901, na hesabu zilipofungwa gharama ilikuwa imepita pauni milioni 5. Jumba la Opera la Sydney nchini Australia lilikadiriwa kugharimu dola milioni 7 za nchi hiyo na kukamilika mwaka 1963. Lilifunguliwa mwaka 1973, na dola milioni 102 zilikuwa zimekwenda. Ikiwa wakubwa hao waliteleza, seuze mimi na wewe tulio na kijikaratasi kilichoandikwa na fundi kwa kalamu ya risasi?

Hata hivyo, lipo swali ambalo takwimu pekee hazilijibu. Kwa nini jiko? Kwa nini chumba cha kulala hupakwa rangi kikaisha Jumamosi, ilhali jiko likiguswa nyumba nzima huingia msukosuko?

Bibi zetu hawakuyajua matatizo haya. Jiko lao lilikuwa kibanda nyuma ya nyumba, na ndani yake mafiga matatu. Kibanda kikichakaa kiliezekwa upya au kikajengwa kingine, na nyumba kubwa isijue habari. Katika nyumba nyingi za kale za mawe kule Lamu, jiko liliwekwa juu kabisa karibu na paa ili moshi na joto vitoke bila ya kuwasumbua wakaaji. Mitindo ilitofautiana, lakini busara ilikuwa moja, kwamba moto ukae kando.

Sisi tumelileta jiko ndani. Hilo si baya, kwani nani apendaye kukimbia na sufuria mvuani? Lakini tulipolileta ndani tulilifunga kwa mabomba ya maji safi, mabomba ya maji machafu, nyaya za umeme na mtungi wa gesi, kisha tukavifukia karibu vyote ukutani na chini ya sakafu. Chumba cha kulala ni kuta nne na taa. Jiko ni mahali ambapo mishipa yote ya nyumba hukutana, na mshipa mmoja ukikatwa, mingine yote hutetemeka.

Chukua mfano wa sinki. Mtu asema, "Nataka tu lihamie ukuta wa pili, chini ya dirisha." Ni mita 4 tu. Lakini maji machafu hayapandi mlima. Bomba lake lahitaji mteremko wa kiasi cha sentimita 2 kwa kila mita, kwa hiyo katika mita 4 ni lazima lishuke sentimita 8 hivi. Sakafu ya saruji haina nafasi ya kulificha. Basi sakafu hupasuliwa, na pamoja nayo vigae ambavyo havikuwa na kosa lolote. Vigae vya rangi ile havipatikani tena madukani, na hata vikipatikana, vilivyochomwa kiwandani siku tofauti mara nyingi havifanani kabisa. Hapo ndipo sakafu nzima hubadilishwa. Fundi akishauri vigae vipya vitandazwe juu ya vile vya zamani ili kupunguza kazi, sakafu huinuka, na mlango uliokuwa ukifunguka vyema hukwaruza chini. Seremala huitwa. Sinki limehama mita 4, na bili imefika mlangoni.

Umeme nao una hesabu zake. Nyumba nyingi zilitiwa nyaya wakati jiko lilikuwa na balbu moja na soketi moja ya pasi. Soketi ya kawaida imekadiriwa kubeba ampea 13. Kwa umeme wetu wa volti 240, hizo ni takriban wati 3,000, na birika la umeme peke yake laweza kumeza wati 2,000. Ukinunua meko ya umeme yenye tanuri na sahani nne, ile waya ya milimita mraba 2.5 iliyowekewa soketi haiwezi kuihudumia. Yahitaji waya nene zaidi, aghalabu ya milimita mraba 6, iende moja kwa moja hadi kwenye sanduku la fyuzi. Ukuta uliopigwa lipu jana huchimbwa leo. Isitoshe, Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inataka kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni, wala si kijana yeyote mwenye bisibisi.

Nayataja haya ili ieleweke kwamba jiko halikui kwa sababu ya uchawi, wala kila mara kwa sababu ya ujanja wa fundi. Hukua kwa sababu sehemu zake zimeshikana. Ajuaye hivyo kabla ya kuvunja huwa amejiokoa nusu ya safari.

Nusu ya pili imo mioyoni mwetu. Mwandishi wa Kifaransa Denis Diderot, katika karne ya 18, aliandika insha akilalamikia joho jipya la nyumbani alilopata. Joho lilikuwa zuri mno, hata kila kitu kilicholizunguka kikaonekana duni. Basi kiti kikabadilishwa, meza ikabadilishwa, picha za ukutani zikabadilishwa, na mwisho mwenyewe akalilia joho lake kuukuu. Mwaka 1988 mtaalamu wa utamaduni Grant McCracken aliipa tabia hiyo jina la Diderot, na tangu hapo watafiti wa mambo ya ununuzi wamelitumia. Jikoni kwetu joho hilo ni jiwe la granaiti. Likishawekwa, makabati ya mbao laini huonekana kama ya mkimbizi. Makabati yakibadilishwa, taa haitoshi. Taa ikitosha, huonekana nyufa za dari ambazo kwa miaka 20 hakuna aliyezijua.

Yupo jirani yangu, mwalimu mstaafu, mtu wa hesabu na makini. Mke wake alimwomba mambo mawili. La kwanza, sinki lisivuje. La pili, dirisha lipanuliwe, kwa kuwa mvuke na moshi wa mafuta vilikuwa vikimkaba kifua. Mwalimu alitenga sehemu ya kiinua mgongo chake na kazi ikaanza mwezi wa Agosti. Bomba chini ya sinki lilikutwa limeoza, likabadilishwa, na hilo halikuwa na hiari. Kisha fundi akasema, "Mwalimu, maadamu sakafu imeshafunguliwa..." Vigae vikaja. Kijana wao wa kwanza akaja kusalimu akitokea mjini, akasema siku hizi watu huondoa ukuta kati ya jiko na chumba cha kulia. Ukuta ukaondolewa. Likaja jiwe la granaiti, na kwa sababu jiwe ni zito, makabati yakajengwa upya kwa mbao ngumu.

Mvua za Novemba zilimkuta mama yule akipikia verandani kwa jiko la makaa, chini ya turubai. Mwezi wa Disemba fedha zilikwisha. Januari ilipobisha hodi na karo ya chuo ya kitinda mimba, mwalimu alikwenda kukopa. Jambo lililonichoma zaidi ni lile nililoliona kazi ilipokuwa imesimama. Dirisha lilikuwa lile lile. Naam, lilikuwa limezidi kuwa dogo, kwa kuwa makabati mapya ya juu yaliukumbatia ukuta pande zote mbili, na upanuzi sasa ungedai yang'olewe. Mama alinionyesha jiwe linalong'aa, akacheka kidogo, akasema, "Jirani, hili ni jiko la wageni. Mimi niliomba dirisha tu."

Katika maneno hayo mna kiini cha hoja yangu. Tatizo la ukarabati unaovuka mpaka si gharama peke yake. Nyongeza zikizidi, hulila lile kusudi la kwanza. Fedha za dirisha zilikwenda kwenye granaiti, na hakuna siku hata moja ambapo familia ile ilikaa ikaamua kwamba granaiti ni bora kuliko pumzi ya mama. Kila uamuzi ulikuwa mdogo, ulikuwa na sababu yake, na ulifanywa wima, katikati ya vumbi, fundi akingoja jibu.

Tufanye hesabu ya kubuni. Tuseme makadirio ni shilingi 150,000. Nyongeza moja ya shilingi 12,000 haimtishi mtu. Ni chini ya kumi kwa mia. Lakini zikifuatana nyongeza nane za namna hiyo, ni shilingi 96,000, karibu theluthi mbili ya makadirio yote. Mwenye nyumba angeulizwa siku ya kwanza kama yu tayari kuongeza shilingi 96,000 angekataa katakata. Kwa kuwa aliulizwa mara nane, alikubali mara nane. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimwaga pia.

Sipendi kumtwika fundi lawama zote, kama ilivyo desturi yetu. Ni kweli wapo wanaotaja bei ya chini ili wapate kazi, wakijua kwamba nyumba ikishavunjwa mwenyewe hana pa kukimbilia. Lakini wengi hufanya kazi ya mikono tu, vifaa vikinunuliwa na mwenye nyumba. Huulizwa bei ya kitu ambacho hawajakiona ndani ya ukuta, na wakisema "sijui mpaka nifungue", huonekana si mafundi. Tunawalazimisha kutabiri, kisha tunawashtaki utabiri ukienda kombo.

Basi tufanye nini? Mimi si mjenzi, lakini yapo mambo ambayo kila mwenye nyumba aweza kuyafanya bila ya gharama.

Kwanza, kabla ya nyundo, andikeni sababu ya kazi kwa sentensi moja au mbili, na aiandike yule apikaye. Ni ajabu kwamba katika nyumba nyingi mpikaji huwa wa mwisho kuulizwa na wa kwanza kuhamishiwa verandani. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani. Kila nyongeza ikija, isimamishwe mbele yake na kuulizwa: wewe walitumikia hili, au umejialika tu?

Pili, fungueni kidogo kabla ya kukadiria. Mlipeni fundi siku moja abandue kigae kimoja, achungulie bomba, agonge mbao kutafuta mchwa na akague nyaya. Ada ya siku hiyo ni ndogo, na makadirio yatakayofuata yatakuwa na macho.

Tatu, zitengeni nyongeza katika mafungu matatu. Zipo za lazima, kama vile bomba lililooza, waya iliyoungua au njia ya hewa penye gesi. Nasisitiza hili la gesi kwa sababu ni la uhai. Gesi yetu ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutulia chini, na kabati zuri lililoziba tundu la hewa lililo chini ya ukuta laweza kugeuka mtego. Zipo nyongeza za busara, yaani zile ambazo zikifanywa sasa zitazuia kuvunja tena kesho. Na zipo za anasa. Wekeni akiba ya angaa robo ya makadirio, na iwe ya lazima peke yake. Ya busara ingie kwa kuondoa kitu kingine cha thamani yake. Ya anasa ingoje mwaka ujao.

Nne, nyongeza yoyote isikubaliwe wima. Iandikwe, itiwe bei, ilale usiku mmoja. Mali bila daftari hupotea bila habari. Malipo nayo yafuate hatua za kazi, na sehemu ya mwisho isitolewe mpaka mfereji umefunguliwa, maji yameteremka, na hakuna tone lililoonekana chini.

Tano, ukuta usiguswe kwa sababu ya fasheni. Upo ukuta unaotenganisha na upo unaobeba. Aonaye tofauti yake ni mhandisi, si kijana aliyetoka mjini, na idhini ya kaunti ni ya kuombwa kabla ya kubomoa, si baada.

Kuna watakaosema kwamba nawanyima watu haki ya kupendezesha nyumba zao, au kwamba jiko dogo haliwezi kufaa bila ya kupanuliwa. Kwa hawa nitataja jambo moja. Mwaka 1926 msanifu majengo wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt, Ujerumani. Upana wake ulikuwa mita 1.9 na urefu mita 3.4. Yaliwekwa karibu majiko 10,000 ya aina hiyo. Kabla ya kupanga makabati, mwanamke huyu alizitazama hatua za mpishi, kutoka kwenye sinki hadi kwenye meko, kutoka kwenye meko hadi kwenye meza. Alianza na kazi, ndipo akaja kwenye mbao. Wengi wetu huanza na picha ya jiko la mtu mwingine.

Sina ugomvi na granaiti, wala na mtu aliyejinyima miaka mingi akataka kitu kizuri nyumbani mwake. Akipanga kununua uzuri, na aununue kwa macho mawili, ajue bei yake na ajue utachukua nafasi ya nini. Uzuri unaoingia kwa mlango wa "maadamu" ndio ninaoushuku, kwa sababu haukualikwa na mtu, na aghalabu mwenye kuugharamia si yule aliyeutaka.

Likizo ya Disemba haiko mbali, na ndiyo majira ambayo wengi huwaita mafundi. Wewe unayekusudia kuanza, kaa kwanza na mwenzako, na umuulize apikaye anataka nini. Akikujibu kwamba anataka sinki lisilovuja na dirisha, basi hilo ndilo jiko lako. Lijenge, ulimalize, umshukuru fundi na kumlipa haki yake, kisha mfunge daftari.